Ahadi Bila Mdai: Mikataba Iliyoigawa Afrika Mashariki, 1822–1963

Septemba 1822 nahodha Fairfax Moresby wa jeshi la wanamaji la Uingereza alifika Maskati akiwa na mkataba wa kutiwa sahihi. Mwenyeji wake, Seyyid Said bin Sultan, alikuwa mtawala wa Oman na aliidai pia pwani ya Afrika Mashariki. Waingereza walitaka watumwa wasiuzwe tena kwa Wakristo, hasa katika India na katika Mauritius, kisiwa cha mashamba ya miwa walichokuwa wamekitwaa kwa Wafaransa mwaka 1810. Seyyid Said alikubali. Mstari ukachorwa baharini kutoka Rasi ya Delgado, ukapita maili 60 mashariki ya Sokotra, ukaishia Diu katika pwani ya India. Chombo cha raia wake kikikutwa mashariki ya mstari huo kimebeba watumwa, manowari za Uingereza ziliruhusiwa kukikamata.

Huo ndio mkataba wa Moresby, wa kwanza katika orodha ambayo wanafunzi wa sekondari, kuanzia Mombasa hadi Mwanza, huikariri usiku wa kuamkia mtihani: Moresby 1822, Hamerton 1845, Frere 1873, Berlin 1884, Heligoland 1890. Ikikaririwa hivyo, orodha hubaki majina ya wageni na tarakimu, nayo husahaulika mara karatasi za mtihani zikikusanywa. Ni hasara kubwa, kwa sababu mikataba hiyo ina kisa kimoja. Kila mmoja ulimpunguzia mtawala wa Zanzibar kitu, ukamwahidi kwamba kilichobaki ni chake. Kisha mwingine ukaja kuchukua kilekile alichoahidiwa. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni lisilo na wa kulidai halilipwi. Mwanafunzi anayetaka kuielewa mikataba hii na awe na swali moja mkononi: ahadi hii ikivunjwa, nani ana uwezo wa kuidai?

Urafiki wenye bei

Huruma kwa watumwa haikuwa sababu ya Seyyid Said kukubali. Mwaka 1819 na 1820 majeshi ya Waingereza kutoka Bombay yalikuwa yamewavunja nguvu Wakawasim wa Ghuba, mahasimu wake baharini. Aliuhitaji urafiki wa Bombay, na mkataba ulikuwa bei yake. Naye alipata faida. Waingereza walipomtaka awaamuru maliwali wake wa Afrika kuuzuia uuzaji ule, walikuwa kama wamekiri kwamba pwani ile ina mwenyewe, na mwenyewe ni yeye. Wakati huo Mombasa ilikuwa chini ya Wamazrui, ambao hawakumtambua, na hakuitia mkononi hadi mwaka 1837.

Baadaye makao yake yalihamia Unguja, mikarafuu ikapandwa, na mikataba ya biashara ikafuata. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alipata mkataba uliowapa wafanyabiashara wa kwao nafasi ya kuuza na kununua kwa ushuru wa asilimia 5 tu. Uingereza ilipata wake mwaka 1839, Ufaransa mwaka 1844. Meli za Salem, bandari ya Marekani, zikaleta nguo za pamba ambazo hadi leo twaziita merikani, zikaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Mwaka 1840 Seyyid Said alituma meli yake mwenyewe, Sultana, hadi New York. Hapo alikuwa bado mtawala anayepatana na wenzake.

Lakini mkataba wa Moresby ulikuwa umeacha njia wazi. Ulikataza kuwauzia Wakristo, wala haukugusa biashara kati ya Afrika na nchi za Waislamu. Atkins Hamerton, aliyekuwa konsuli wa Uingereza Zanzibar tangu 1841, alikuja kuifunga njia hiyo. Oktoba 1845 Seyyid Said alitia sahihi mkataba wa kuzuia watumwa wasitolewe Afrika kupelekwa Arabuni na Asia, kuanzia Januari 1847. Alichoachiwa ni kuwasafirisha ndani ya milki yake ya Afrika, kati ya Lamu na Kilwa, pamoja na Unguja, Pemba na Mafia. Mashamba ya karafuu yalitegemea kazi ya watumwa, kwa hiyo kipande hicho cha bahari ndicho alichokipigania. Alikipata, na akaahidiwa kuwa hakitaguswa.

Binadamu waliokuwa wakisafirishwa ndani ya majahazi hayo hawakuulizwa katika mkataba wowote. Mikataba hii ilisaidia kuimaliza dhuluma yao, na hilo ni jambo la haki ambalo hakuna mwanafunzi anayepaswa kulipuuza. Bali karatasi ileile iliyozuia jahazi la watumwa ndiyo iliyoipa manowari ya kigeni ruhusa ya kusimamisha vyombo katika bahari ya wenyewe, na ruhusa hiyo haikurudishwa.

Paris yaahidi, Zanzibar haipo

Seyyid Said alifariki baharini Oktoba 1856, njiani akirudi Unguja kutoka Oman. Wanawe wakagombana. Thuwaini alikuwa Maskati, Majid Zanzibar, na kila mmoja alitaka yote. Aliyeamua ugomvi huo alikuwa Lord Canning, mtawala mkuu wa Kiingereza wa India. Tarehe 2 Aprili 1861 aliamua kwamba Oman na Zanzibar ziwe nchi mbili, na Zanzibar iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Milki moja ikakatwa vipande viwili na hakimu wa nje, na ndugu wote wawili wakaridhia.

Mwaka uliofuata ulileta karatasi ambayo haimo katika orodha nyingi za mitihani, nayo ni ufunguo wa kisa chote. Tarehe 10 Machi 1862, mjini Paris, Uingereza na Ufaransa zilitangaza kwamba zote mbili zitauheshimu uhuru wa Sultani wa Maskati na uhuru wa Sultani wa Zanzibar. Kwa macho ya harakaharaka, hiyo ilikuwa ngao kubwa kuliko zote. Mataifa mawili yenye nguvu kuliko yote baharini yameapa kutokuigusa Zanzibar. Lakini Sultani hakuwa upande wowote wa makubaliano hayo. Uingereza iliiahidi Ufaransa, na Ufaransa ikaiahidi Uingereza. Kama ahadi hiyo ingevunjwa, mwenye haki ya kulalamika alikuwa mmoja wa hao wawili, na hao wawili wakielewana, basi hakuna wa kulalamika. Miaka 28 baadaye ndivyo ilivyokuwa.

Barghash na kipande cha mwisho cha bahari

Barghash bin Said alishika usultani Oktoba 1870, baada ya ndugu yake Majid. Aprili 1872 kimbunga kikali kilipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunjavunja merikebu zake bandarini. Akiwa katika hali hiyo, Januari 1873 alipokea ujumbe wa Sir Bartle Frere kutoka London. Frere alitaka kile ambacho Hamerton alikuwa amekiacha: usafirishaji wa watumwa baharini ukome kabisa, hata kati ya bandari za Sultani mwenyewe, na masoko ya watumwa yafungwe.

Barghash alikataa. Aliona uchumi wake ukiwa bado haujainuka baada ya kimbunga, na aliwajua matajiri wa mashamba ambao ndio nguzo za utawala wake. Frere aliondoka bila sahihi. Konsuli John Kirk akabaki na amri kutoka London: Sultani akiendelea kukataa, manowari zitakizingira kisiwa. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alitia sahihi. Soko la Mkunazini likafungwa, na kabla mwaka haujaisha jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana likawekwa katika kiwanja hicho.

Lililoachwa kwa Sultani sasa lilikuwa bara. Kwa msaada wa Kirk aliunda jeshi dogo chini ya afisa Mwingereza, Lloyd Mathews, na bendera yake nyekundu ilipepea katika bandari za mwambao na katika vituo vya misafara hadi Tabora na Ujiji. Waingereza walimpa kuelewa kwamba wao ni marafiki wa milki hiyo. Kilichofuata kiliupima urafiki huo.

Msovero na Berlin

Novemba 1884 Wajerumani wachache, wakiongozwa na Carl Peters, kijana wa miaka 28, walivuka kutoka Unguja hadi Saadani wakaingia bara. Katika majuma machache walipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, wakirudi na karatasi zilizowekwa alama na watawala wa huko. Inayojulikana zaidi ni ya tarehe 29 Novemba, ya Mangungo wa Msovero, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Kilosa. Uliitwa mkataba wa urafiki wa milele. Ndani yake ilisemwa kwamba Mangungo anatoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, kwa chama cha ukoloni cha Wajerumani.

Jina la Mangungo limegeuzwa kuwa tusi nchini Tanzania. Kila ukizuka mjadala wa mikataba ya madini au ya bandari, kuna mtu atamtaja kama mfano wa kiongozi mjinga. Naona tunamwonea. Karatasi iliandikwa Kijerumani, lugha asiyoijua. Aliyoyasikia yalikuwa ya urafiki, na katika nchi yake urafiki na mgeni ulikuwa na taratibu zake, ambazo hazikuwa na sura ya kuuza ardhi ya mababu. Zaidi ya hayo, karatasi ile haikuwa na uzito wowote Usagara. Uzito wake ulikuwa Berlin.

Huko Berlin, tangu 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, wajumbe wa mataifa 14 walikuwa wakipanga kanuni za kuigawa Afrika. Zanzibar, iliyokuwa na mikataba na baadhi ya mataifa makubwa yaliyokaa pale, haikuwa na kiti. Siku moja baada ya mkutano kufungwa, tarehe 27 Februari, Kaiser Wilhelm I alitoa hati ya kuzikinga nchi ambazo Peters alisema amezipata. Barghash alimwandikia Kaiser kupinga, akieleza kwamba nchi hizo ni zake. Jibu lililetwa na manowari. Agosti 1885 kundi la manowari za Ujerumani lilitia nanga mbele ya kasri la Unguja, na pamoja nalo aliletwa dada yake Sultani, Salme, aliyekuwa ameolewa na Mjerumani. Barghash aliwageukia marafiki zake Waingereza. London ilimshauri akubali.

Mstari wa Kilimanjaro

Ikaundwa kamati ya Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa kuchunguza milki ya Sultani inaishia wapi. Mwingereza alikuwa Herbert Kitchener, ambaye baadaye alipata jina kubwa katika vita vya Sudan. Walizunguka mwambao mwaka 1886 wakiuliza katika kila bandari nani anatawala. Uamuzi haukutegemea majibu ya wenyeji. Ulitegemea yale ambayo serikali za Ulaya zilikuwa tayari kuyakubali.

Mwanzoni mwa Novemba 1886 London na Berlin zilimaliza mapatano. Sultani aliachiwa Unguja, Pemba, Mafia, visiwa vya Lamu, na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 za baharini, kutoka mpaka wa Wareno kusini hadi Kipini. Kaskazini zaidi aliachiwa miji ya Kismayu, Barawa, Merka na Mogadishu na viunga vyake, pamoja na Warsheikh. Bara nyuma ya ukanda huo ikagawanywa kwa mstari kutoka mlango wa mto Umba hadi Ziwa Jipe, ukaizunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, ukaishia ufukweni mwa Ziwa Viktoria, kaskazini kwake sehemu ya Waingereza, kusini ya Wajerumani.

Wengi wamefundishwa kwamba mstari ule ulipinda kwa sababu Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaiser Wilhelm II, mlima huo. Hadithi hiyo haiwezi kuwa kweli. Mwaka 1886 Kaiser alikuwa bado Wilhelm I, na mjukuu wa Malkia hakupanda kiti hadi 1888. Mstari ulipinda kwa sababu Wajerumani walishika mkataba waliopewa mwaka 1885 na Mangi Rindi wa Moshi, na Waingereza walitaka zaidi bandari ya Mombasa na njia ya kwenda Uganda. Mangi Rindi alikuwa akicheza na wageni wengi kwa ajili ya usalama wake dhidi ya majirani. Hakujua kwamba sahihi yake ingekunja mpaka wa mataifa mawili yajayo.

Barghash hakukaa katika mazungumzo hayo. Aliletewa yakiwa yameandikwa, naye akayaridhia Desemba 1886. Alifariki Machi 1888.

Maili kumi zauzwa

Tazama sasa jinsi ahadi ya 1886 ilivyotendwa. Maili 10 zile zilithibitishwa kuwa mali ya Sultani kwa sahihi za mataifa makubwa. Haikupita miaka miwili, Aprili 1888, Sultani Khalifa, mrithi wa Barghash, aliikodisha sehemu ya kusini kwa kampuni ya Kijerumani kwa miaka 50. Agosti kampuni ikaja kuchukua forodha na kupandisha bendera yake Pangani. Watu wa mwambao, ambao hakuna aliyewashauri, walisimama. Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza Pangani na Bagamoyo, Bwana Heri akaongoza Saadani, na miji ya kusini hadi Kilwa ikafukuza maajenti. Ilibidi serikali ya Ujerumani imtume Hermann Wissmann na askari waliokodiwa Misri na Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Katika kisa chote hiki, hao ndio waliojaribu kuidai ahadi kwa mikono yao.

Tarehe 1 Julai 1890 mkataba wa Heligoland ulitiwa sahihi Berlin. Lord Salisbury wa Uingereza aliitoa Heligoland, kisiwa kidogo cha mawe katika Bahari ya Kaskazini, na Kansela Caprivi wa Ujerumani akaacha madai yake ya Witu, karibu na Lamu, na ya Uganda na kukubali Zanzibar iwe himaya ya Uingereza. Mstari wa 1886 ukaendelezwa juu ya Ziwa Viktoria kufuata nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Uingereza iliahidi kumshawishi Sultani auze kabisa pwani ya kusini pamoja na Mafia. Bei ikawa marki milioni 4, yaani pauni 200,000.

Na ahadi ya Paris ya 1862? Ufaransa ililalamika, maana yenyewe ndiyo ilikuwa na haki ya kulalamika. Agosti 1890 Uingereza ikautambua utawala wa Ufaransa juu ya Madagaska, na lalamiko likaisha. Uhuru wa Zanzibar ulilipwa kwa uhuru wa Wamalagasi, na hakuna Mzanzibari wala Mmalagasi aliyekuwapo.

Zile pauni 200,000 hazikukaa sana na Sultani. Mwaka 1895 zilitumika kuilipa kampuni ya Kiingereza iliyokodi pwani ya kaskazini, na kwa mapatano ya 14 Desemba mwaka huo Uingereza ikachukua usimamizi wa maili 10 zilizobaki, ikimlipa Sultani pauni 17,000 kwa mwaka. Bendera yake iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa. Utawala haukuwa wake tena.

Ahadi iliyopata mdai

Ukanda huo wa Kenya ulibaki hivyo hadi uhuru ulipokaribia. Wapo waliotaka ujitenge, wakijiita watu wa Mwambao, na wapo waliotaka uwe Kenya moja. Oktoba 1963, mjini London, Jomo Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walibadilishana barua, na Sultani Jamshid akaachia haki yake juu ya ukanda kuanzia siku ya uhuru wa Kenya, 12 Desemba. Kenya iliahidi uhuru wa dini, mahakama za kadhi, mafunzo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu, na kutambua hati za ardhi za wenyewe.

Mwezi mmoja baadaye, 12 Januari 1964, mapinduzi yaliuondoa usultani. Mmoja wa waliotia sahihi alitoweka katika ramani ya siasa. Kwa mantiki ya mikataba iliyotangulia, ahadi ile ilipaswa kufa hapohapo. Haikufa, kwa sababu ilikuwa imeingizwa katika katiba, mahali ambapo raia wa kawaida wa Lamu au Malindi angeweza kuishika na kuipeleka mahakamani. Mwaka 2010 mahakama za kadhi zilipingwa kwa nguvu, katika kesi na katika kampeni za kura ya maoni, zikatetewa, na katiba mpya ikazihifadhi katika ibara ya 170. Masuala ya ardhi ya Pwani bado yanauma, na wanaoyaumia wanaendelea kuyadai.

Mistari nayo imebaki. Julai 1964, mjini Cairo, viongozi wa Afrika huru walikubaliana, kwa hoja iliyotetewa na Julius Nyerere, kuiheshimu mipaka iliyorithiwa. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliuvuka mstari wa nyuzi 1 uliochorwa Berlin mwaka 1890 na kutwaa ardhi hadi mto Kagera. Tanzania ikaenda vitani kuurejesha. Mpaka uliochorwa bila sisi ulikuwa umekuwa wetu, na ulikuwa na wa kuutetea.

Kwa hiyo mwanafunzi asome tarehe, ndiyo, kwani bila tarehe hawezi kuona kipi kilitangulia kipi. Kisha achukue kila mkataba aandike pembeni nani aliahidi, aliahidiwa nani, na nani angeweza kudai. Akifanya hivyo ataona kwamba Barghash hakushindwa kwa ujinga, wala Mangungo. Walishindwa kwa sababu ahadi walizopewa zilitunzwa na wengine. Leo mikataba ya gesi, madini, bandari na mikopo inaandikwa kwa jina letu. Kizazi kinachojua kuuliza swali hilo shuleni kitajua pia kuliuliza bungeni na mahakamani, kabla wino haujakauka.